Mionzi Haikai Kwenye Minofu Peke Yake

Sangara mmoja anayeshushwa mwaloni Kirumba, Mwanza, huishia kwenye sahani nyingi. Minofu inakwenda kiwandani na kusafirishwa nje. Kichwa kinachemshwa supu. Mgongo wenye masalia ya nyama, yaani panki, unakaangwa na kuuzwa kwa wasiomudu minofu. Pembeni yake zimeanikwa dagaa, nao wanaliwa wazima: kichwa, miiba, ini, utumbo na chochote kilichokuwa tumboni siku waliyovuliwa. Sasa samaki hao wakipelekwa maabara kupimwa kama wana metali zenye mionzi, utaratibu uliozoeleka ni kukata kipande cha mnofu, kukipima na kuandika namba moja.

Namba hiyo ina swali lake inalolijibu, na si swali la mla mapanki wala la mla dagaa. Kila metali yenye mionzi ina njia yake ya kuingia kwa samaki, kiungo chake cha kukaa na mwendo wake wa kutoka. Ukipima mnofu peke yake unaiona sesiamu vizuri, halafu radiamu, strontiamu, poloniamu na sehemu kubwa ya urani zinakupita. Kwa nchi inayojiandaa kuchimba urani, hilo ni kosa linalotakiwa kusahihishwa kabla mgodi haujaanza kumwaga mabaki yake.

Tuanze na samaki mwenyewe. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi kwenye damu kuliko maji anamoogelea. Maji humwingia mwilini bila kukoma, na chumvi humtoka. Anajikimu kwa kukojoa mkojo mwingi na mwepesi, na kwa seli maalumu zilizo kwenye mashavu yake, au matamvua kama wengine waitavyo, ambazo huvuta sodiamu na kalsiamu kutoka majini hata zikiwa haba namna gani. Potasiamu nyingi anaipata kwenye chakula, na akishaipata haiachii kirahisi. Kilo moja ya nyama ya sato ina takriban gramu 3 za potasiamu, ilhali lita moja ya maji ya Ziwa Victoria ina miligramu 4 hivi. Maana yake, samaki ameirundika mara 750. Samaki wa baharini ana kazi ya kinyume: anakunywa maji ya chumvi na kutwa kucha anaitoa chumvi iliyozidi. Ndiyo sababu baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, ya Machi 2011 samaki wengi wa baharini walisafika mapema, huku baadhi ya samaki wa maziwa na mito wakiendelea kuvuka kikomo cha Japani cha sesiamu, bekereli 100 kwa kilo (bekereli moja ni atomi moja inayopasuka kila sekunde).

Sesiamu-137, metali inayotawanywa na ajali za mitambo ya nyuklia, inapita kwenye mgongo wa potasiamu. Kikemia zinafanana kiasi kwamba misuli ya samaki inaipokea kama potasiamu ya kawaida, na sehemu kubwa ya sesiamu yote mwilini hukaa kwenye nyama. Hapa mnofu ni kipimo sahihi kabisa. Lakini kiasi kitakachoingia hakitegemei sesiamu iliyomo majini pekee. Kinategemea potasiamu iliyopo kushindana nayo. Wataalamu wana kanuni ya makadirio iliyotumika miaka mingi: kwa samaki wanaokula samaki wenzao, gawanya 15,000 kwa miligramu za potasiamu kwa lita, kwa wasiokula samaki, gawanya 5,000. Jibu ni mara ngapi samaki atairundika sesiamu kuliko maji yake.

Ijaribu kwa maziwa matatu, tuseme yote yana sesiamu ya bekereli 0.1 kwa lita. Kwenye ziwa la msituni huko Skandinavia lenye potasiamu miligramu 0.5, samaki mla samaki atafika bekereli 3,000 kwa kilo. Ziwa Victoria, sangara atafika kama 375. Ziwa Tanganyika, lenye potasiamu miligramu 35 hivi, mla samaki atakuwa na kama 43. Maji yale yale kwa kipimo cha sesiamu, na samaki wanapishana karibu mara 70. Kanuni hii imetokana zaidi na maziwa ya nchi za baridi na haifai kutumiwa kama hukumu, ila uelekeo inaouonyesha ni wa kweli. Inaeleza pia kwa nini baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Aprili 26, 1986, nchi zilizokuwa mbali na mtambo ziliteseka na samaki wa maziwa. Norway ililazimika kuweka kikomo cha bekereli 6,000 kwa kilo kwa samaki pori wa maji baridi, na Uswidi 1,500. Maziwa yao ni maskini wa potasiamu.

Huko Belarus watafiti waliigeuza hoja hii kuwa tiba. Kwenye Ziwa Svyatoe walimwaga mbolea ya kloridi ya potasiamu juu ya barafu, ikayeyuka na kuingia majini. Sesiamu kwenye samaki ilishuka sana. Ila kwenye maji yenyewe ilipanda, kwa sababu potasiamu ile ile iliing'oa sesiamu iliyokuwa imeshikwa na tope la chini. Anayependekeza dawa ya aina hiyo lazima ajue nani anakunywa maji yanayotoka ziwani humo.

Tope lina nguvu kubwa katika habari hii. Sesiamu hunaswa katikati ya tabaka za udongo wa mfinyanzi, na ikishanaswa hivyo hata samaki akimeza tope, utumbo wake hautoi ila kidogo sana. Sesiamu iliyo ndani ya nyama ya samaki mwingine, kwa upande wake, hufyonzwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mla tope na mwani huwa na kidogo, mla samaki huwa na nyingi, na nyingi hiyo huja kwa kuchelewa. Kwenye bwawa kubwa la Kyiv, samaki wasiokula wenzao walifikia kilele mwaka 1986 na 1987, wanaokula wenzao wakafikia chao mwaka mmoja baadaye. Ukipima miezi mitatu baada ya ajali ukatangaza kwamba hali ni nzuri, umempima samaki ambaye bado hajala.

Kutoka nako kuna hesabu yake. Sesiamu hutoka kwa mashavu, mkojo na kinyesi, na hutoka kwa uwiano: kila kipindi nusu ya iliyobaki. Kipindi hicho kinaitwa nusu-uhai wa kibiolojia, na hakihusiani na ule wa kifizikia, yaani muda wa nusu ya atomi zake kupasuka zenyewe, ambao kwa sesiamu-137 ni miaka 30. Kwa samaki wa maji baridi ni kuanzia wiki kadhaa hadi miezi mingi. Chukua samaki mwenye bekereli 800 kwa kilo, nusu-uhai wa kibiolojia siku 100, mhamishie kwenye maji safi na chakula safi. Siku ya 100 ana 400, siku ya 200 ana 200, siku ya 300 ana 100. Akiwa anakua, namba itashuka haraka zaidi, maana uzito ukiongezeka mara mbili kilo ile moja inabeba nusu ya mzigo hata kama hakuna kilichotoka.

Joto la maji na ukubwa wa samaki ndivyo vinavyoamua mwendo. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kutoa huongezeka mara mbili hadi tatu, na samaki mdogo hutoa haraka kuliko mkubwa. Sato wa robo kilo kwenye maji ya nyuzi 26 anaisukuma nje sesiamu upesi kuliko samaki mkubwa wa ziwa la nyuzi 5. Usikimbilie kushangilia, kwa kuwa samaki wa maji ya joto anakula zaidi pia, na chakula kikiwa kichafu anachotoa asubuhi anakirudisha jioni. Kutoa kunaleta nafuu pale tu chanzo kinapokatika.

Mifupa ni jambo jingine kabisa. Strontiamu-90 na radiamu-226 zinafuata njia ya kalsiamu, na samaki wa maji baridi huchota kalsiamu nyingi moja kwa moja majini kwa mashavu. Zikishaingia zinajengwa ndani ya mfupa, magamba na mapezi, na mfupa haurudishi haraka kama msuli unavyorudisha. Strontiamu karibu yote iko huko; kwenye nyama utakuta masalia. Nusu-uhai wake wa kifizikia ni karibu miaka 29, wa radiamu ni miaka 1,600. Maji yenye kalsiamu nyingi, yaani maji magumu, yanamkinga samaki kwa jinsi ile ile potasiamu inavyomkinga na sesiamu. Maji laini ya vijito vya milimani na maeneo ya mchanga hayana kinga hiyo.

Sasa mweke mlaji mezani. Anayekula mnofu wa sangara kwa uma haigusi radiamu iliyo mfupani. Anayetafuna dagaa anaila yote. Anayechemsha panki saa mbili hadi mfupa ulainike, akaunyonya, yuko katikati. Huu ni utaratibu wa kila siku wa mamilioni ya watu kuanzia Kigoma hadi Kisumu, ambako dagaa ni omena, hadi Uganda ambako ni mukene, na hata hivyo hauonekani kwenye cheti cha maabara kilichoandikwa “samaki, mnofu”.

Urani yenyewe inahitaji uangalifu wa aina yake. Tanzania ina mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Ruvuma, ndani ya bonde la Rufiji. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe kuupisha. Utafutaji wa urani ulifanyika pia Bahi, Dodoma, kwenye eneo oevu linalolishwa na Mto Bubu, ambako watu wanavua kambale na perege kila maji yanaporudi. Mazungumzo ya watu kuhusu sehemu hizi huishia kwenye swali moja: urani ni kiasi gani kwenye maji? Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa maikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa samaki, namba hiyo peke yake haitoshi.

Urani majini haina sura moja. Maji yakiwa na asidi, karibu na pH 5 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na ikishuka asidi inazidi), sehemu kubwa inakuwa ioni huru ya uranili, yaani urani yenye chaji isiyojifunga na kitu kingine, na hiyo ndiyo inayoshika kwenye mashavu na kupenya. pH ikipanda juu ya 7 na kaboneti zikiwepo, urani inajifunga na kaboneti na kalsiamu. Ikiwa hivyo inasafiri vizuri zaidi majini, haitulii kwenye tope, lakini mashavu yanaipokea kwa shida. Kwa hiyo bwawa lenye magadi linaweza kusoma urani nyingi majini huku samaki wakiwa na kidogo, na kijito chenye maji laini na asidi kikasoma kidogo huku mashavu ya samaki yakiumia. Migodi mingi hutoa urani kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki. Asidi hiyo ikivuja, inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaleta urani na inaibadili kuwa sura inayoingia. Asiyepima pH, ugumu wa maji na kaboneti siku ile ile na mahali pale pale amepata namba isiyotafsirika.

Ikishaingia, urani inaonekana zaidi kwenye mfupa, figo, ini na mashavu. Kwenye mnofu huwa kidogo. Inatoka kwa figo, na figo ndiyo inayoumia, maana madhara yake ya kwanza ni ya sumu ya metali kabla ya mionzi. Nusu-uhai wa urani-238 ni miaka bilioni 4.5, hivyo bekereli zake kwa gramu ni chache. Mtu akikwambia urani si hatari sana kwa mionzi, kwa urani iliyosafishwa ana hoja. Lakini mgodi ukishachukua urani yake, unaacha kwenye bwawa la mabaki karibu asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwa kwenye jiwe: thoriamu-230, radiamu-226, risasi-210 na poloniamu-210. Mtu anayepima urani peke yake chini ya bwawa la mabaki anatafuta kitu ambacho mgodi umejitahidi kwa nguvu zake zote kukiondoa.

Poloniamu-210 ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote kwa walaji wetu. Inajishika na protini zenye salfa, inaingia hasa kwa chakula, na inakaa kwenye ini, figo na utumbo. Nyama inapata kidogo. Nusu-uhai wake ni siku 138. Ipo kiasili katika kila samaki duniani, na samaki wadogo wanaokula vijidudu vya majini wanayo ya kutosha matumboni bila mgodi wowote kuhusika. Ila uzito wake mwilini ni mkubwa: kwa mtu mzima, bekereli moja ya poloniamu-210 iliyomezwa ina kipimo cha maikrosieverti 1.2 (sieverti hupima uzito wa madhara ya mionzi mwilini); ya radiamu-226 ni 0.28, ya urani-238 ni 0.045, ya sesiamu-137 ni 0.013. Bekereli 1 ya poloniamu ina uzito wa bekereli 92 za sesiamu. Anayejumlisha bekereli zote pamoja na kuzilinganisha na kikomo cha sesiamu amechanganya mizani.

Na hapa ndipo kazi ya maabara inapoharibika, mara nyingi kwa mambo madogo.

Kifaa cha mkononi kinacholia “tik-tik” kikiwekwa juu ya samaki hakisemi kitu. Kila kilo ya samaki ina bekereli karibu 100 za potasiamu-40 ya asili, na kifaa hicho hakiwezi kuitofautisha na sesiamu. Inatakiwa spektromita ya gama, yaani kifaa kinachotenganisha miale ya gama kwa nishati yake, inayoiona sesiamu-137 kwenye nishati ya kiloelektronivolti 662 na potasiamu-40 kwenye 1,460. Radiamu-226 huonekana vizuri kupitia vizazi vyake, yaani metali zinazozaliwa inapopasuka, lakini sharti sampuli ifungwe isivujishe hewa kwa wiki tatu au zaidi, kwa sababu katikati kuna gesi ya radoni yenye nusu-uhai wa siku 3.8. Ukiipima siku hiyo hiyo uliyoifunga, radoni iliyotoroka inakupa radiamu pungufu. Poloniamu haionekani kwa gama. Inahitaji kuyeyushwa kwa asidi na kupimwa kwa miale yake ya alfa.

Joto linakula ushahidi. Majivu ya samaki kwa ajili ya sesiamu yasizidi nyuzi 450. Zaidi ya hapo sesiamu inaruka na moshi. Poloniamu inaruka mapema zaidi, kwa hiyo sampuli yake isiingie tanuri kabisa: ikaushwe kwa kugandishwa au kwa joto la chini. Fundi mmoja akitumia majivu yale yale kwa vyote viwili atapata poloniamu karibu sifuri na kuandika kwamba samaki ni salama.

Kambale ana tatizo lake. Anafukua tope, na tumbo lake hubeba gramu nyingi za udongo wenye urani na radiamu ambayo haijawahi kuingia kwenye damu yake. Ukimsaga mzima umepima udongo. Mpasue, toa utumbo, mwoshe kwa maji safi, weka mnofu kivyake, mfupa kivyake, ini na figo kivyake. Kwa dagaa ni kinyume: wasage wazima, kwa maana mlaji naye anawala wazima na tope lao.

Maji yachujwe kwa kichujio cha maikromita 0.45 kwanza, ndipo yatiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, inang'oa metali kwenye chembe za tope na maji yanaonekana machafu kuliko yalivyo. Ukisahau asidi kabisa, metali zinajibandika kwenye kuta za chupa na maji yanaonekana masafi kuliko yalivyo. Halafu kuna uzito. Nyama ya samaki ni maji kwa asilimia 75 hadi 80. Bekereli 100 kwa kilo mbichi ni bekereli 400 hadi 500 kwa kilo kavu, na cheti kisichotaja mbichi au kavu hakifai hata kufungiwa maandazi. Kwa dagaa waliokaushwa jambo hili ni la lazima, kwa kuwa mama lishe anapima kavu na kikomo kimeandikwa kwa samaki mbichi.

Kitu kimoja hakiwezi kurekebishwa baadaye: hali ya kabla. Mawe yenye urani yamekuwa yakichujika kwenye mito ya Namtumbo na tope la Bahi tangu zamani, na samaki wa huko wana radiamu na poloniamu yao ya asili. Siku mtu atakapopata namba kubwa, mgodi utasema ilikuwepo, wanakijiji watasema haikuwepo, na bila sampuli za awali wote wawili hawatakuwa na cha kuonyesha. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye dhamana ya mambo ya mionzi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi inawajua samaki. Zikae meza moja, na sampuli zichukuliwe juu na chini ya eneo la mgodi, masika na kiangazi, kwa angalau miaka miwili kabla ya mabaki ya kwanza kumwagwa. Achaguliwe mla samaki mmoja, mla mwani mmoja na mfukua tope mmoja, kila aina samaki 10 wa ukubwa unaolingana, kwa maana mkubwa na mdogo hawalinganishiki.

Sehemu ya kila sampuli, mfupa kivyake na mnofu kivyake, igandishwe na kufungwa na lakiri yenye tarehe na saini mbili, moja ya maabara na moja ya serikali ya kijiji. Radiamu haimaliziki kwa miaka 20 ya kukaa kwenye friza. Poloniamu ya siku ya kuvua ndiyo itakayokuwa imeshakwisha, kwa hiyo hiyo ipimwe mwezi ule ule, na namba yake ibandikwe kwenye ubao wa kijiji pamoja na pH ya maji ya siku hiyo.